Urithi wa jeni darasani: hindi, spiriti, mkasi au mashine ya PCR?

Mwalimu wa bayolojia wa sekondari hapa Uganda akifika kwenye mada ya urithi, ana njia kadhaa za kuwatoa wanafunzi ubaoni na kuwaweka kazini. Anaweza kutoa DNA ya tunda kwenye glasi, au kuwapa mahindi wahesabu punje. Anaweza kugawa karatasi na mikasi ili wakate mfuatano wa DNA kama vimeng'enya vinavyoukata. Akiwa na mfadhili, anaweza kuwaonjesha karatasi chungu kisha akasoma jeni zao wenyewe kwa mashine ya PCR, inayonakili kipande kidogo cha DNA mara nyingi sana. Na kuna wale wanaokodi basi na kuwapeleka wanafunzi kutazama maabara ya watu.

Walimu wenzangu huku Kiryandongo na Masindi huniuliza kwanza ipi ni rahisi kwa bei. Jibu la swali hilo halihitaji makala: tunda, sabuni na chumvi. Mimi huanza kwa swali jingine. Kipindi kikiisha, mwanafunzi ataweza kueleza nini? Urithi una ncha mbili. Kuna sifa inayoonekana, inayotoka kwa wazazi kwenda kwa watoto kwa uwiano unaohesabika, na kuna molekuli yenye herufi, yaani DNA, ambayo herufi yake moja ikibadilika sifa nayo hubadilika. Njia nyingi za vitendo hushika ncha moja na kuiacha nyingine ikining'inia. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeipima kwa hilo: inamvusha mwanafunzi kutoka herufi hadi sifa, au inamwacha upande mmoja?

Jambo lenyewe lina uzito zaidi tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020. Watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa taifa wa mwaka wa nne wa sekondari (S.4), mwaka 2024, na kazi za shuleni zinachangia 20% ya alama. Somo la vitendo lisiloacha chochote cha kueleza halimsaidii mtoto hata kwenye hizo ishirini.

DNA ya tunda kwenye glasi

Hii ndiyo inayopendwa na wengi, na inapendeka kweli. Unaponda papai au ndizi mbivu ndani ya kavera safi (mfuko wa plastiki), unaongeza maji yenye chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, unachuja kwa kitambaa, kisha unamimina spiriti baridi taratibu ukutani mwa glasi. Sabuni inavunja kuta za mafuta zinazozunguka seli na kiini chake, chumvi inaisaidia DNA kushikamana, na kwa kuwa DNA haiyeyuki kwenye spiriti, inapanda juu kama utando mweupe unaoweza kuuzungusha kwenye kijiti. Ukiongeza juisi kidogo ya nanasi bichi, kimeng'enya chake kinamega protini na utando unakuwa safi zaidi.

Ushauri mmoja wa vifaa: waragi haifai. Nguvu yake ni kama 40% tu, na DNA nyingi hubaki imeyeyuka humo. Nunua spiriti ya duka la dawa, ile ya 70% kwenda juu, na uiweke kwenye barafu kabla ya kipindi.

Tatizo la njia hii ni kwamba hakuna urithi ndani yake. Mwanafunzi ameona DNA ya papai, basi. Hajaona mzazi wala mtoto, hajaona aleli mbili (matoleo mawili ya jeni moja), hana uwiano wa kuhesabu. Utando wa papai tamu na wa papai chapwa unafanana kabisa. Na ule mweupe wenyewe una RNA, pektini na protini zilizokwama humo, kwa hiyo usiwaambie kuwa ni DNA tupu.

Ndizi hata hivyo ina kitu cha ziada ambacho kwetu ni aibu kukiacha. Matooke yetu ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Tatu haigawanyiki sawasawa mbegu zinapotengenezwa, ndiyo maana matooke haina mbegu na tunapanda machipukizi. Shamba zima la matooke ya aina moja ni mmea mmoja uliojirudia. Mwanafunzi akielewa kwa nini chipukizi linafanana na mama yake kuliko yeye anavyofanana na wake, papo hapo ameelewa kazi ya mbegu na chavua. Kwa hilo peke yake ningeifanya hii ndizi, kwa kipindi kimoja, kama kiamsha hamu. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Mahindi: uwiano unaoshikika mkononi

Huku kwetu mahindi yako kila mahali, na ndiyo njia inayodharauliwa zaidi. Kila punje kwenye hindi ni mtoto wake peke yake, amebeba chavua yake mwenyewe. Hindi moja lenye punje 400 ni familia ya watoto 400 wa mama mmoja. Mendel, baba wa elimu ya urithi, alihesabu njegere zake mpaka akapata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Darasa la S.4 lenye mahindi ishirini linaipita hesabu hiyo kabla ya kengele ya chakula.

Wakulima wanajua kwamba ukipanda mahindi meupe karibu na ya manjano, meupe yanavunwa yakiwa na punje za manjano zilizotawanyika. Rangi ya manjano ni aleli tawala, yaani moja tu inatosha kuonekana, na inaonekana kwenye punje yenyewe msimu uleule wa chavua kuingia. Chukua zile punje za manjano zilizozaliwa kwenye hindi jeupe: zote zina aleli moja ya kila upande. Zipande msimu unaofuata. Kabla nywele za hindi hazijatoka, funika hindi changa kwa mfuko wa karatasi. Funika na ua dume la juu, likiiva likung'ute ndani ya mfuko, na ile chavua uimwage kwenye nywele za mmea uleule. Mavuno yatakuwa na punje tatu za manjano kwa kila moja nyeupe, kwa kukaribia.

Neno hilo "kukaribia" ndilo somo lenyewe. Kundi moja litapata 291 kwa 109, jingine 310 kwa 90, na mabishano yanaanza: nani amekosea kuhesabu? Hakuna aliyekosea. Ukijumlisha mahindi yote, uwiano unasogea kwenye tatu kwa moja, na mwanafunzi anajifunza kwamba Mendel alikuwa anazungumza juu ya bahati nasibu yenye idadi kubwa. Hili halifundishiki kwa sarafu vizuri hivi, kwa sababu sarafu haina mama.

Mabishano mengine yatakuwa juu ya punje za manjano hafifu, kama zihesabiwe njano au nyeupe. Zihesabu njano. Sehemu ya punje tunayoila hupokea seti mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, kwa hiyo punje yenye aleli moja tu ya manjano hupauka kuliko yenye tatu. Darasa la A-level (S.5 na S.6) linaweza kukaa hapo kipindi kizima.

Upande wa molekuli, mahindi yana jibu pia ingawa hutaliona kwa macho: jeni ya manjano inatengeneza kimeng'enya cha hatua ya kwanza ya kuunda karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini. Aleli ya mahindi meupe haifanyi kazi hiyo ndani ya punje. Hadithi hiyo unaisimulia tu, huionyeshi.

Gharama ni karibu bure. Kinachogharimu ni muda: msimu mzima, na bustani ya shule ambayo mbuzi wa jirani hawaifikii. Anayetaka matokeo ya Ijumaa hii asichague mahindi. Mwenye subira ya msimu mmoja atapata hapa uwiano ambao njia nyingine yoyote katika ulinganisho huu haiwezi kumpa.

Mkasi na karatasi: selimundu

Nikilazimishwa kubaki na njia moja tu, nitabaki na hii, na haihitaji hata umeme.

Ugonjwa wa selimundu unatokana na herufi moja. Katika jeni ya beta-globini, kwenye kromosomu ya 11, mahali ambapo watu wengi wana GAG, aleli ya selimundu ina GTG. Badiliko hilo linaingiza asidi amino ya valini mahali pa glutamati, himoglobini inashikamana pale oksijeni inapopungua, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Na kuna kimeng'enya kiitwacho MstII kinachotambua CCTNAGG, ambapo N ni herufi yoyote. Mfuatano wa kawaida, CCTGAGG, unakatwa. Wa selimundu, CCTGTGG, unapitwa bila kuguswa. Kipimo cha maabara kilichotumia jambo hili kilitoa kipande kimoja cha herufi kama 1,350 kwa aleli ya selimundu, na viwili, 1,150 na 200, kwa aleli ya kawaida.

Darasani unachapa au kuandika kwa mkono vipande virefu vya karatasi vyenye mfuatano huo, viwili kwa kila "mtu", kwa sababu kila mtu ana kromosomu mbili. Mwanafunzi ni kimeng'enya. Anapitisha kidole kwenye herufi, akikuta CCTGAGG anakata, akikuta CCTGTGG anaendelea. Vipande anavibandika kwenye karatasi ya manila yenye vipimo: vifupi chini, virefu juu, jinsi DNA inavyotembea ikisukumwa na umeme kwenye jeli (elektroforesi), fupi zikikimbia mbele na ndefu zikibaki nyuma. A ikiwa aleli ya kawaida na S ya selimundu, mwenye AA atakuwa na mistari miwili, mwenye SS mmoja, mwenye AS mitatu.

Hapo kwenye mitatu ndipo darasa linapoamka.

"Madam, huyu amepata wapi mistari mitatu wakati kromosomu ni mbili?"

"Moja mkasi umeikata," alimjibu mwenzake aliyekaa nyuma yake, bila kusubiri mimi, "ile nyingine imegoma."

Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo ya mtu mwenye aleli mbili tofauti.

Baada ya hapo unawapa familia: baba AS, mama AS, watoto wanne wa karatasi. Mwanafunzi anachagua kipande kimoja cha baba na kimoja cha mama huku amefumba macho. Kundi moja linapata watoto wanne wote wazima, jingine linapata wawili wagonjwa, na hapo unaweza kusema kwa ushahidi wa meza yao wenyewe kwamba robo moja ni ya kila mimba. Haina maana kwamba mtoto wa nne lazima awe mgonjwa, wala kwamba ukishampata mmoja umemaliza zamu yako. Nimeona watu wazima wenye shahada wanaoamini hilo la zamu.

Na hakuna mada iliyo ya kwetu kuliko hii. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha uchunguzi wa selimundu uliofanywa hapa Uganda, uliokuta kwamba miongoni mwa Baamba wa upande wa Bundibugyo wenye aleli hiyo walikaribia 45%, huku makabila mengine yakiwa nayo kidogo sana. Miaka mitano baadaye Anthony Allison alionyesha kwa nini aleli ya ugonjwa inabaki nyingi kiasi hicho: mwenye AS hulindwa dhidi ya malaria kali. Uchunguzi wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli za damu za watoto zaidi ya 97,000 zilizokuwa tayari zimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU, ulikuta 13.3% wana AS na 0.7% wana ugonjwa. Mweke mwanafunzi ramani ya malaria na ramani ya selimundu mbele yake, na mada ya uteuzi asilia inajifundisha yenyewe.

Udhaifu wake ni wazi: hakuna DNA halisi. Mwanafunzi anakuamini wewe kwamba mkasi ni kimeng'enya. Kuna na tahadhari moja. Katika darasa la watu 80 huku kwetu, uwezekano wa kuwa na mwanafunzi mwenye selimundu, au aliyempoteza ndugu kwa selimundu, ni mkubwa. Usimwombe mtu ajitaje. Usitumie majina ya wanafunzi kwenye karatasi. Anayetaka kusema mwenyewe atasema, mara nyingi baada ya kipindi.

PTC na mashine ya PCR

Hii ndiyo njia inayounganisha ncha zote mbili kwa DNA halisi, tena ya mwanafunzi mwenyewe. Ndiyo pia inayouzwa kwa maneno matamu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

PTC ni kemikali iliyogundulika kwa bahati mwaka 1931, pale unga wake uliporuka hewani katika maabara ya DuPont huko Marekani. Mkemia Arthur Fox, aliyekuwa akiushughulikia, hakuonja kitu, ila mwenzake alilalamika kuwa ni mchungu. Mwaka 2003 jeni yake ilipatikana: TAS2R38, kwenye kromosomu ya 7, jeni fupi ya herufi 1,002 inayotengeneza kipokezi cha uchungu ulimini. Herufi tatu ndani yake hutofautisha sana wanaoonja na wasioonja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwanafunzi anasukutua kwa maji ya chumvi ya 0.9%, seli za shavu zinakusanywa, zinachemshwa pamoja na chembechembe za Chelex zinazonasa madini yanayoharibu DNA. Tone la DNA hiyo linaingia kwenye mashine ya PCR, inayopanda hadi karibu 95°C kutenganisha nyuzi, inashuka ili vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) vishike, inapanda tena hadi 72°C nyuzi mpya zijengwe, mara thelathini na zaidi. Kipande cha herufi 221 kinachopatikana kinakatwa kwa kimeng'enya HaeIII, kinachotambua GGCC. Aleli ya kuonja inakatwa vipande vya 177 na 44. Ya kutoonja inabaki 221. Kisha jeli, umeme, na mistari.

Ukisoma aya hiyo baada ya ile ya mkasi utaona kwamba mantiki ni ileile. Kwa sababu hiyo siwashauri walimu waanze na mashine. Darasa lililokata karatasi linaisoma jeli halisi kwa dakika mbili. Darasa ambalo halikukata linatazama mistari inayong'aa na kupiga picha.

Ufundi wa mkono nao una uzito wake. Kumimina sampuli kwenye kijishimo cha jeli kunataka kiwiko kitulie mezani na ncha ya pipeti iingie majini bila kugusa sakafu ya jeli. Sampuli imechanganywa na rangi ya samawati na kitu kizito kama gliseroli, hivyo inazama yenyewe na kukaa kishimoni. Ukichoma sakafu, ile samawati inapotelea chini ya jeli mbele ya macho yako, na pamoja nayo kazi ya saa tatu. Wafanyishe mazoezi kwa maji ya rangi kwenye jeli ya agaragari kabla hawajagusa sampuli ya kweli.

Sasa yale ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza ni ratiba. PCR ni saa moja na nusu hadi mbili, kukata ni nusu saa au zaidi, jeli ni nusu saa nyingine, na vipindi viwili vilivyounganishwa vina dakika 80. Utaigawa kwa siku mbili au tatu, au uifanye Jumamosi.

La pili ni ubaridi. HaeIII na vimeng'enya vya PCR vya maji vinataka -20°C. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku wa Ijumaa na mhasibu yuko kijijini, Jumatatu una maji ya bei ghali. Hata friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, kwa sababu inapanda joto kila mara ili kufanya hivyo. Kuna vidonge vikavu vya PCR vinavyokaa kwenye joto la kawaida, na kama uko mbali na mji, agiza hivyo. Kimeng'enya cha kukata bado kitahitaji baridi.

La tatu ndilo walimu wengi hawalitarajii. Somo hili lilitungwa kwa madarasa ya Marekani, ambako wasioonja ni wengi. Afrika wasioonja kwa kawaida ni wachache zaidi, kwa hiyo darasa lako linaweza kuwa na waonjaji karibu watupu na mistari isiyo na tofauti ya kuzungumzia. Isitoshe, Afrika kusini mwa Sahara kuna aleli iitwayo AAI, nadra kwingineko, ambayo HaeIII huiona kama ya asiyeonja ilhali mwenye nayo huonja kiasi. Mwanafunzi ataweka karatasi yenye PTC ulimini, atakunja uso, na jeli yake itasema hawezi kuonja. Kitabu cha maelekezo kitakuambia sampuli imechafuliwa. Inawezekana imechafuliwa kweli. Inawezekana pia kwamba mtoto wa Kigumba anakuonyesha kitu ambacho mtunzi wa kitabu hakukitarajia: kwamba herufi moja haisemi yote kuhusu jeni. Kwangu hilo ni somo bora kuliko matokeo safi, mradi mwalimu alijue mapema, asije akamwambia mtoto amekosea.

Kuhusu rangi ya kuonyeshea DNA, kataa bromidi ya ethidiamu hata ukipewa bure. Inashukiwa kuharibu DNA ya mtu aliye hai, na shule haina pa kuitupa. Rangi mpya zisizo na hatari hiyo zipo, na taa ya samawati inatosha kuzisoma bila kuhitaji ile ya urujuanimno.

Mbili za kupita haraka

Kuna jeli ya kujitengenezea: kopo la plastiki la mstatili, agaragari, maji yenye magadi ya kuokea, waya za chuma kisichoshika kutu na betri tano za volti 9 zilizounganishwa kwa mfululizo. Tia rangi za chakula badala ya DNA. Nyingi zina chaji hasi na zitatembea kuelekea upande chanya, kila moja kwa mwendo wake. Ni nzuri sana kwa kufundisha elektroforesi, ila urithi haugusi kabisa. Usijaribu kuiunganisha na umeme wa ukutani wa volti 240.

Ziara ya maabara, iwe Makerere, Namulonge kwenye utafiti wa mazao, au Entebbe kwenye taasisi ya virusi, inawapa watoto ndoto. Naiheshimu kwa hilo. Kama somo la urithi, ni watoto sitini wanaotazama mgongo wa fundi mmoja. Ukiweza kwenda, nenda baada ya mkasi, wakiwa na maswali.

Yale ya kuacha kabisa

Kukunja ulimi na ndewe za masikio bado vimo kwenye vitabu kama mifano ya aleli tawala. Viondoe. Tangu miaka ya 1950 inajulikana kuwa mapacha wa kufanana hutofautiana katika kukunja ulimi, na ndewe zina maumbo mengi ya katikati yasiyogawika mafungu mawili. Mtoto anayekunja ulimi ilhali wazazi wake hawakunji ataenda nyumbani na swali ambalo sayansi haikumpa sababu ya kuuliza.

Makundi ya damu yana ukweli wa kisayansi, lakini kuchoma vidole vya watoto 80 shuleni ni hatari isiyolipa. Tumia damu bandia ya mafunzo.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, usichukue sampuli za wazazi. Mwaka 2023 redio na mitandao yetu ilijaa gumzo la akina baba kupeleka watoto kupimwa DNA, na bado kuna wazazi ambao wakisikia neno hilo wanawaza maabara ya serikali ya Wandegeya na talaka. Barua ya ridhaa iseme wazi: tunasoma sehemu moja ndogo ya jeni ya kuonja uchungu, sampuli zina namba bila majina, na zinamwagiwa JIK (maji ya klorini) siku hiyohiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, kwa hiyo barua hiyo isichukuliwe kama adabu tu. Iandike kwa lugha ambayo mzazi anaisoma. Mwanafunzi asiyetaka atumie DNA ya kielelezo iliyokuja na vifaa, na asiulizwe sababu.

Basi uchague nini?

Kama una wiki moja, huna bajeti na darasa limejaa mpaka dirishani, chukua mkasi na selimundu. Tanguliza ndizi na spiriti kwa kipindi kimoja ili wajue hizo karatasi zinasimamia kitu gani.

Kama una bustani na unajua utakuwa shule hiyohiyo mwakani, panda mahindi msimu huu. Vuno moja lililokaushwa vizuri na kuwekwa mbali na fukusi litakutumikia miaka, kwa sababu wanaofuata wanahesabu mahindi yaleyale. Kwa S.4 na kwa A-level, mahindi pamoja na mkasi ni bora kuliko mashine bila hivyo viwili.

Mashine nitaichagua kwa A-level pekee, makundi madogo, na pale tu ambapo majibu ya maswali matatu yapo: nani atanunua vimeng'enya mwaka wa pili, friza inalindwa na nini umeme ukikatika, na nani mwingine shuleni anajua kuitumia ukihamishwa. Mashine ndogo za PCR za shule, zile za mirija 8 au 16, hazifi haraka. Zinazokufa ni bajeti za vimeng'enya.

Mwalimu mkuu akikuita kukuambia mfadhili yuko tayari kuinunua, usikatae, ila mwombe aongee na wakuu wa shule tatu za jirani kabla ya kutia sahihi. Kila shule itahitaji mashine hiyo siku tatu kwa muhula, siku nyingine zote itakuwa kabatini. Shule moja itunze mashine, nyingine yenye sola imara itunze friza, na zote nne zichangie vimeng'enya mwanzoni mwa mwaka, kabla ada hazijaanza kuchelewa.